Jike chotara, beberu safi: hesabu ya kundi la kwanza la mbuzi wa maziwa

Mbuzi mweupe pe, masikio yamesimama, pua imenyooka, kafungwa kwenye kigingi pembeni mwa mnada, na muuzaji anaapa kuwa ni Saanen, mbuzi wa maziwa wa asili ya Uswisi, wa damu safi. Huenda ni kweli. Huenda pia mama yake alikuwa mbuzi mweusi wa kienyeji wa kilo 25. Weupe wa Saanen hufunika rangi nyingine, kwa hiyo chotara wa kizazi cha kwanza, nusu kwa nusu, mara nyingi huzaliwa mweupe kama baba yake. Michirizi myeupe ya usoni ya Toggenburg, ukoo mwingine wa Uswisi, nayo hujitokeza hata kwa chotara. Anayenunua kwa macho analipa bei ya damu safi na kupeleka nyumbani nusu yake.

Basi tuweke maneno sawa kwanza. Nchini Kenya, ambako usajili wa mifugo una historia ndefu, mbuzi wa maziwa hupandishwa daraja kwa kizazi: nusu ya damu ya kigeni, kisha robo tatu, kisha saba ya nane, na akifika kumi na tano ya kumi na sita ndipo anahesabiwa kuwa wa damu safi. Tanzania wauzaji wengi wadogo hawana karatasi yoyote, na "safi" ni neno la mdomo tu. Katika uchambuzi huu, safi ni mbuzi mwenye namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, na baba na mama wanaojulikana kwa namba. Asiye na hayo tumhesabu chotara, hata awe mzuri namna gani.

Hoja ya wanaotetea damu safi ina uzito, na wanaowacheka kwamba "mbuzi wa Ulaya ni wa matajiri" hawajakaa chini wakapiga hesabu. Tofauti kubwa iko kwenye urefu wa msimu wa kukamua, ingawa watu huangalia lita za siku moja tu. Toggenburg au Alpine (naye ni ukoo wa maziwa wa Ulaya) aliyelishwa vizuri anaweza kukamuliwa siku 270 bila shida. Chotara wa nusu kwa nusu wengi huanza kukauka baada ya miezi sita au saba. Tuchukue mfano wa wastani wa lita 1.8 kwa siku 270 kwa aliye safi: ni lita 486. Chotara wa wastani wa lita 1.1 kwa siku 190 anatoa 209. Toa maziwa ya watoto, kwa sababu mbuzi akizaa mapacha na kila mmoja akanywa nusu lita kwa siku 90, lita 90 zimekwenda. Kwenye ndoo ya aliye safi zinabaki 396, na kwa chotara 119. Mwenye kukuambia chotara anakaribia lazima akuoneshe daftari lake.

Na malisho? Hapa ndipo wengi hukosea, tena kwa pande zote mbili. Mbuzi anayekamuliwa hula chakula kikavu kiasi cha asilimia 4 ya uzito wake. Safi wa kilo 55 anahitaji kilo 2.2, na chotara wa kilo 38 anahitaji kilo 1.5. Mabingobingo mabichi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo kilo 2.2 kavu ni kilo 11 mbichi, na kilo 1.5 ni karibu 8. Mbuzi naye si ng'ombe: atachagua majani na kuacha mabua, kwa hiyo mkatie robo zaidi, yaani kilo 14 hadi 15 kwa aliye safi na 10 kwa chotara. Ukitazama mbuzi mmoja mmoja, chotara anakula kidogo. Lakini hakuna anayenunua chotara mmoja kwa fedha ya safi mmoja. Tuseme mmoja safi mwenye karatasi anagharimu sawa na chotara wawili na nusu (weka bei za kwenu). Fedha ileile inakupa safi wawili au chotara watano. Safi wawili wanataka kilo 30 za majani kwa siku, chotara watano wanataka 50. Mwenye kieneo kidogo cha majani, aliyedhani chotara ndiye mbuzi wa mtu mwenye shamba dogo, amejitwisha mzigo mkubwa zaidi.

Kinachowatenganisha ni ubora wa chakula na kutokatika kwake. Mabingobingo yaliyopita urefu wa mita moja na nusu yana mabua mengi na protini kidogo, na hakuna mbuzi atakayetoa lita mbili na nusu kwa hayo peke yake. Aliye safi anataka theluthi moja ya majani yake iwe mikunde, kama kaliandra, lusina au desmodiamu, na juu yake chakula cha ziada cha karibu gramu 400 kwa kila lita inayozidi ile ya kwanza. Mchanganyiko wa kawaida wa kilo 100 ni pumba za mahindi 65, mashudu ya alizeti 32, madini ya mifugo 2 na chumvi 1. Maji safi yasipungue lita 6 kwa siku kwa anayekamuliwa. Pumba zinaongezwa polepole kwa siku 10 hadi 14. Ukimmwagia kilo nzima kwa furaha ya uzazi, tumbo huchachuka, na asubuhi unamkuta amelala ubavu.

Sasa ondoa mashudu kwa wiki tatu kwa sababu bei imepanda. Chotara atapunguza maziwa na kubaki na mwili wake. Aliye safi amezaliwa na vizazi vingi vya kuchaguliwa ili atoe maziwa, kwa hiyo ataendelea kutoa akiyachota kwenye mgongo wake mwenyewe. Utaona uti wa mgongo umetokeza, kisha haingii kwenye joto, kisha msimu unapita bila mimba. Akiwa na mapacha tumboni katika wiki sita za mwisho na chakula kikawa hafifu, anaweza kupata sumu ya mimba: anaacha kula, anakaa pembeni, pumzi ina harufu ya matunda yaliyochacha, na siku chache baadaye anakufa yeye na watoto wake. Mbuzi wa kienyeji huipata kwa nadra, na chotara yuko katikati.

Hapo ndipo hesabu ya mwanzo inapogeuka. Safi wawili wakikaa salama hutoa lita 792 kwa msimu, chotara watano 595. Akifa mmoja kila upande, upande wa safi unabaki na 396, upande wa chotara 476. Kifo kimoja tu kinabadilisha mshindi. Anayeanza, kwa sababu anajifunza, ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukipata kifo hicho. Damu safi ni dau lililowekwa kwenye kichwa kimoja au viwili. Chotara wanagawa ada ya kujifunza kwa vichwa vingi.

Minyoo inaongeza uzito upande huo. Mnyoo anayefyonza damu kwenye tumbo la nne huwamaliza mbuzi wa koo za Ulaya mapema kuliko wa kienyeji, hasa mvua zikikolea na mbuzi wakafungwa kamba nje kwenye majani mafupi. Njia ya kumgundua haihitaji maabara: vuta kope la chini utazame utando wa ndani. Wekundu wa damu ni salama, waridi iliyopauka ni onyo, weupe wa karatasi ni dharura. Fanya hivyo kila wiki mbili wakati wa mvua, na mpe dawa anayehitaji badala ya kuwanywesha wote kwa tarehe, maana kuwanywesha wote ndiko kunakozalisha minyoo sugu. Mbuzi wa ndani ya banda la kichanja, sakafu ikiwa juu ya ardhi walau nusu mita na nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya mbao, hukutana na minyoo kidogo. Ndiyo maana anayefuga safi bila banda la kichanja anatupa fedha. Homa ya mapafu, sotoka ya mbuzi na upele haziulizi ukoo. Chanjo na uogeshaji ni kwa wote.

Ila chotara naye ana mtego wake, na wanaompigia debe huusahau kabisa. Nguvu ya uchotara, ile inayomfanya akue upesi, ashike mimba na avumilie, iko kamili katika kizazi cha kwanza tu. Chotara wa nusu akipandwa na chotara wa nusu, watoto wanabaki na wastani uleule wa damu lakini nguvu hiyo inapungua hadi nusu, na wanatoka kila mmoja na lake: mmoja anakamuliwa kama shangazi yake Toggenburg, mwingine anakauka siku ya 90 kama bibi yake wa kienyeji. Mfugaji anasema "mbuzi wa siku hizi wameharibika". Mbuzi hawajaharibika, beberu ndiye aliyekuwa chotara. Alizaliwa bandani, alikuwa na mwili mzuri, alikuwa bure, akaachwa.

Kwa maoni yetu hili ndilo kosa linaloua makundi mengi ya kuanzia kuliko ukame, na ni kosa rahisi kulikwepa. Dume la chotara lihasiwe au litengwe likifika miezi mitatu, kwa sababu likifika minne linaweza kumpanda mama yake. Fedha ya damu safi, ikiwa ipo ya mbuzi mmoja tu, iende kwa beberu. Jike safi anakupa mtoto mmoja au wawili kwa mzao. Beberu safi mmoja anahudumia majike 25 na zaidi, na kila mtoto anachukua nusu ya urithi wake.

Mradi ulioonesha hili vizuri ni wa Meru nchini Kenya, ulioanzishwa na shirika la misaada la FARM-Africa mwaka 1996 kwa Toggenburg walioletwa kutoka Uingereza. Hawakugawiwa kila kaya. Wafugaji wachache ndani ya vikundi walitunza madume na majike safi ili kuzalisha mabeberu, na vituo vya beberu vikahudumia majirani wenye mbuzi wa kienyeji. Safi na chotara walikuwa na kazi mbili tofauti katika mpango mmoja. Nyeri walifuata njia ya Alpine wa Kijerumani katika miaka hiyohiyo ya 1990. Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mbuzi wa Norway waliofika kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine tangu miaka ya 1980 walipandishwa na wa kienyeji, na leo ukisema mbuzi wa maziwa Morogoro mtu anaelewa Mgeta. Maeneo yote matatu ni ya baridi. Mwenye shamba Pangani au Kilosa asinakili orodha yao. Ngozi ya waridi ya Saanen huungua kwa jua kali, na joto lenye unyevu hupunguza ulaji wake. Huko chini Anglo-Nubian, ukoo wa masikio marefu unaovumilia joto, au chotara wake na Galla wa kaskazini mwa Kenya, ana nafasi nzuri zaidi.

Tuangalie kalenda ya kupandisha daraja, kwa sababu watu huiogopa bure. Mwezi sifuri beberu safi anampanda jike wa kienyeji au Galla. Mwezi wa 5 anazaliwa nusu kwa nusu. Mtamba huyo akipandwa akiwa na miezi 12 anazaa robo tatu mwezi wa 22, saba ya nane mwezi wa 39, na kumi na tano ya kumi na sita mwezi wa 56. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kwa uhalisia mtamba apandwe akifika uzito, kilo 25 kwa chotara mdogo na 33 hadi 35 kwa aliye karibu na safi, si akifika umri, kwa hiyo hesabu miaka mitano hadi sita. Si lazima ufike mwisho. Kwa mwenye banda zuri na chakula cha kubahatisha, robo tatu ni mahali pazuri pa kutua. Kuanzia hapo anaweza kubadilisha ukoo wa beberu, Toggenburg kizazi hiki na Alpine kijacho, na hivyo akabakiza sehemu kubwa ya nguvu ya uchotara bila kurudi kwa mbuzi wa kienyeji.

Tahadhari ya kizazi cha kwanza: usimpandishe mtamba mdogo wa kienyeji asiyewahi kuzaa kwa Saanen au Alpine mkubwa. Mimba ya mtoto mmoja mnene kwenye nyonga nyembamba inakwama. Anza na majike yaliyozaa angalau mara moja.

Beberu ana saa yake pia. Akiingia mwezi sifuri, binti zake wanazaliwa mwezi wa 5 na wanaweza kuingia kwenye joto mwezi wa 11. Asipoondoka au kutengwa kabla ya hapo, atawapanda, na mtoto wa baba na binti anabeba asilimia 25 ya udugu wa damu. Matokeo huonekana taratibu: watoto wepesi, taya fupi, mimba zinazotoka. Vikundi hubadilishana mabeberu kila mwaka au mwaka na nusu kwa sababu hiyo, na ndio utaratibu wa kutafuta kabla ya kununua mbuzi hata mmoja. Ukikosa kikundi, lipa huduma ya beberu wa jirani mwenye kumbukumbu, huku ukiangalia afya yake, maana beberu wa wote hubeba magonjwa ya wote. Uhimilishaji wa mbuzi, yaani kumpandisha kwa mbegu bila beberu, upo, ila wataalamu ni wachache na joto la mbuzi ni fupi, saa 24 hadi 36. Ukikosa siku hiyo unangoja nyingine 21.

Jambo jingine husahaulika kwa sababu linaonekana kuwa la urembo, nalo ni pembe. Watu hupenda mbuzi wa maziwa asiye na pembe kwa kuwa hajeruhi wenzake. Kwa Saanen, Toggenburg na Alpine, kipara hicho cha kuzaliwa kimefungamana na kasoro ya uzazi. Ukipandisha beberu na jike ambao wote wamezaliwa bila pembe, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanane anatoka huntha: kwa vinasaba ni jike, kwa maumbile hazai. Mmoja wa wazazi akiwa na pembe, tatizo halipo. Mbuzi wa kienyeji karibu wote wana pembe, kwa hiyo uchotara wa kwanza uko salama. Hatari inaanza kizazi cha pili, pale mtamba chotara asiye na pembe anaporudishwa kwa beberu asiye na pembe. Uliza kama mbuzi alizaliwa hivyo au alichomwa vishina vya pembe akiwa mchanga. Aliyechomwa ana makovu mawili unayoyahisi kwa kidole.

Ukienda kununua, safi au chotara, nenda jioni. Muuzaji mjanja huacha kukamua kutwa nzima ili kiwele kijae. Mkamue mwenyewe mpaka kiishe, kiwele kinywee kama mfuko mtupu. Kikibaki kigumu kuna ugonjwa wa zamani. Rudi baada ya saa 12, ukamue tena na upime kwa kopo la lita. Mara mbili ya hicho ndiyo lita yake ya kweli. Matone ya kwanza yatazame kwenye kitambaa cheusi kama yana mabonge. Hesabu chuchu: mbili, zisizogawanyika. Fungua mdomo: meno mawili makubwa ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, manne ni karibu miaka miwili, sita ni mitatu, manane ni minne na kuendelea. Shika magoti ya mbele. Kuna ugonjwa wa virusi, unaoletwa hasa na koo za Ulaya, ambao huvimbisha magoti na kukifanya kiwele kuwa jiwe, nao hupita kwa watoto kupitia maziwa ya dang'a. Kundi lenye mbuzi wawili watatu wa magoti mapana si la kununua, hata hereni zao ziwe na namba nzuri vipi. Ukifika nyumbani, mtenge wiki tatu.

Nani basi aanze na majike safi? Yule ambaye soko lake ni mbegu kuliko maziwa: anauza mabeberu na mitamba yenye karatasi, yuko kwenye baridi, ana mikunde iliyokwisha kupandwa na kushika mizizi, na daktari wa mifugo anafika siku ileile akipigiwa simu. Kwake chotara ni hasara, maana beberu chotara hana bei zaidi ya nyama. Mwenye lengo la lita tatu nne za nyumbani na kidogo za kuuza achukue chotara watatu au wanne wa nusu hadi robo tatu, walio kwenye uzao wa pili au wa tatu, na beberu safi wa kikundi. Mikunde ipandwe miezi sita kabla ya mbuzi kufika. Kaliandra iliyopandwa siku moja na mbuzi huliwa ikiwa mche.